Mama Bawaba na Mlango Usiopitisha Wembe

Kijiko kinagonga ukingo wa kikombe, mara moja, kisha tena, kisha kinanyamaza. Nje bado giza. Jikoni mwanamume anakoroga chai, na anakoroga kwa kelele kidogo ya makusudi, kwa sababu mke wake hapendi kuamshwa kwa kutikiswa.

"Nikimtikisa anaamka akiuliza nyundo iko wapi," anasema mume, akicheka chini chini ili asiwaamshe wajukuu. "Kijiko ndiyo saa yake."

Mke anatoka chumbani akijifunga kitambaa kichwani. Shati lake la mikono mirefu liko tayari juu ya kiti. Mume amelifua jana na kulikunja vizuri. Kabla hajalivaa zinaonekana alama za cheche kuanzia kiwiko hadi kiganja, vidoa vidogo vyeusi kama mtama uliomwagika.

Ana miaka hamsini na kitu. Wateja wanamwita Mama Bawaba, kwa sababu kila anapoingia mahali, jicho lake hutangulia kwenye bawaba za mlango kabla mdomo haujatoa salamu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake imekuwa kutengeneza milango ya chuma ya ulinzi: ya maduka, maghala, shule na zahanati. Mwezi mzuri hupata milango minne au mitano. Mwezi mbaya huunga miguu ya vitanda na vipini vya sufuria, na halalamiki.

Mlango wa jikoni kwake ni wa mbao, na unafungwa kwa kamba.

"Nimeahidiwa komeo tangu mtoto wetu wa kwanza hajaoa," anasema mume.

"Haraka ya nini?" anajibu mke, akipuliza chai. "Nani atakuja kukuiba wewe?"

Wanacheka wote wawili. Mume anamfungulia ile kamba, anampokea kikombe, na anabaki mlangoni mpaka hatua za mkewe zinapopotea kichochoroni. Asubuhi imeanza kama asubuhi nyingine, isipokuwa jambo moja: mbingu ni safi. Mvua iliyonyesha wiki baada ya wiki imekwisha, na jua linapochomoza, linachomoza na moto wake wote.

Karakana ya Mama Bawaba ni banda la mabati kando ya barabara, na humo anafanya kazi na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mrefu mpaka watu wamempa jina la Rula. Mchana huu wako nje ya banda, wamelaza fremu ya mlango wa duka la vitabu. Rula anashika, Mama Bawaba anachomelea. Simu inaita mfukoni mwake mara mbili kabla hajavua miwani ya kazi.

Ni Sista, muuguzi mkuu wa zahanati iliyo upande wa pili wa soko.

"Mama Bawaba, uko wapi?"

"Niko kazini, Sista. Kwema?"

"Si kwema. Babu wa Stoo yuko ndani na mlango haufunguki. Tumevuta mpaka mikono imechubuka. Njoo."

"Kilichogoma ni kitasa au komeo?"

"Sijui kitasa wala komeo, dada yangu. Najua yeye yuko ndani, na harufu ya spiriti inatoka huko juu kwenye matundu ya hewa. Njoo."

Mama Bawaba anasimama. Haulizi tena. Anaokota mfuko wa vifaa, Rula anabeba grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na wanapanda pikipiki bila hata kufunika fremu waliyoiacha juani.

Mlango ule ni wake. Aliufunga yeye mwenyewe, mwezi uliopita.

Habari ya mlango huo inajulikana na kila mtu anayetibiwa pale. Stoo ya dawa ya zahanati ilivunjwa mara mbili katika mwaka mmoja. Mara zote mbili wezi walichomeka mtaimbo kwenye nafasi kati ya mlango wa zamani na fremu yake, wakabinya, wakaingia. Baada ya mara ya pili, mama mmoja aliyekuja na mtoto mwenye homa kali aliambiwa dripu zimekwisha, na ikabidi ambebe mtoto mgongoni mpaka hospitali kubwa. Mtoto alipona. Lakini Sista anasema hajasahau mgongo wa mama yule akitoka getini.

Basi dirisha la stoo likazibwa kwa matofali. Yakaachwa matundu matatu tu karibu na paa, ukutani upande wa nyuma. Ikawekwa pia kanuni: anayehesabu dawa ajifungie kwa ndani. Na Mama Bawaba akaitwa.

"Nilimwambia nataka mlango ambao hata wembe haupiti pembeni yake," anasema Sista. "Nilimwonyesha kwa vidole, hivi, vikiwa vimebanana."

Alipewa alichotaka. Mlango ni wa bati nene la chuma, umepakwa rangi ya kijivu iliyoiva, una kitasa kwa nje na makomeo matatu kwa ndani: moja linapanda juu kwenye fremu, moja linaingia ubavuni, moja linashuka sakafuni. Siku ya kuukabidhi, mvua ikinyesha, Sista alijaribu kupitisha wembe. Haukupita. Watu walipiga makofi.

Zahanati imejaa watu wanapofika. Kina mama wamesimama kutoka kwenye mabenchi, watoto mikononi, wanatazama upande wa stoo. Mlinzi wa mchana, kijana mwenye mabega mapana, anapigana na pembe ya mlango kwa mtaimbo. Rangi imechubuka. Chuma hakijajongea hata kidogo.

Mama Bawaba anasimama nyuma yake kwa muda mfupi tu. Alijenga mlango wa kumshinda mwenye mtaimbo, na leo mwenye mtaimbo ni mtu mwema.

Rula amekwisha pata soketi kwenye veranda. Anachomeka waya wa grenda.

"Nikate bawaba?" anauliza.

Upepo unageuka kidogo, na hapo Mama Bawaba anaisikia harufu yenyewe, kali, inayoingia puani kama sindano.

"Chomoa," anasema.

"Nini?"

"Chomoa huo waya, shemeji. Na wewe mwanangu, weka chini mtaimbo."

"Mama, mzee anakufa humo ndani," anasema mlinzi. Jasho linamtiririka hadi kwenye kope.

"Ndiyo. Na sisi tukitoa cheche moja hapa, tunammalizia. Husikii harufu? Humo ndani sasa hivi ni kama jiko linalosubiri kiberiti."

Mlinzi anautazama mtaimbo mkononi mwake. Anaulaza majanini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Rula anavuta benchi mpaka nyuma ya jengo na kupanda. Kwa urefu wake, na kwa kusimama kwenye ncha za vidole, mdomo wake unafika kwenye tundu la hewa. Ndiye pekee anayeweza kuzungumza na aliye ndani, kwa kuwa mlango wenyewe haupitishi hata sauti. Mama Bawaba anabaki mbele. Kona ya jengo iko kati yao, na maneno yanapita kwa kupokezana.

Babu wa Stoo si babu wa mtu yeyote pale zahanatini. Ni mtunza stoo, mwembamba, anakaribia kustaafu, na miwani yake imeungwa kwa plasta ya vidonda. Watoto wanampenda kwa sababu huwawekea maboksi matupu ya dawa wajengee nyumba. Wauguzi wanampenda kwa sababu hajawahi kumwambia mgonjwa "imekwisha" bila kwenda kutafuta tena.

Leo alijifungia asubuhi, kama kanuni inavyosema. Alipomaliza kuhesabu, makomeo yakagoma. Akavuta. Akasukuma kwa bega. Rafu ikatikisika, dumu la spiriti ya kusafishia vidonda likaanguka, kifuniko kikapasuka, na spiriti ikasambaa sakafuni. Joto likafanya mengine.

"Anasema kichwa kinazunguka," Rula anapaza sauti.

"Mwambie apande juu ya makasha, mdomo uwe kwenye tundu. Ile harufu inalala chini."

Rula anapeleka maneno, anarudi na jibu.

"Anasema magoti yake."

"Mwambie magoti atayalaumu kesho."

Kina mama wawili wanacheka bila kutaka, halafu wanaziba midomo. Lakini Rula anasikika akisema, "Haya, Babu, polepole, shika rafu, hiyo hiyo," na baadaye, "Namwona. Naiona pua."

Hapo ndipo Mama Bawaba anaweka kiganja kwenye mlango.

Anakitoa upesi. Chuma kinaunguza kama kikaango. Anaangalia juu, anaona jua limesimama mbele ya mlango bila mti, bila paa, bila kitu cha kuzuia. Anapitisha ukucha pembeni, pale kwenye mstari kati ya mlango na fremu. Hakuna mstari. Mlango na fremu vimekuwa kitu kimoja. Na katikati bati limevimba kuelekea nje, kidogo tu, kiasi ambacho jicho jingine lisingeona.

Anarudi nyuma hatua moja na kuutazama mlango wote.

Kila fundi wa milango anajua kwamba chuma hunenepa mchana na kukonda usiku. Fundi mzee aliyemfundisha, enzi zile Mama Bawaba akiwa bado anawapikia mafundi chakula na kushika upande wa pili wa nondo pale mtu anapopungua, alikuwa na jina la nafasi anayoacha pembeni mwa kila mlango, unene wa sarafu moja. Aliiita nafasi ya jua. Bila nafasi hiyo, mlango ukipata joto hauna pa kwenda, unabana fremu, unapinda, na makomeo yanakabwa ndani ya matundu yake.

Mama Bawaba ameiacha nafasi ya jua kwenye kila mlango wa maisha yake. Kwenye huu hakuiacha. Aliambiwa wembe usipite, naye aliufunga katika wiki za mvua, chuma kikiwa baridi kama jiwe la kisima, na tangu siku ile jua halikuwa limetoka sawasawa. Leo ni mara ya kwanza mlango huu unaliona.

"Sista," anaita, bila kugeuka. "Kitasa ni kizima. Makomeo ni mazima. Ni mimi. Mlango umevimba kwa jua na sikuuachia nafasi."

Sista anamtazama. Watu wote wanamtazama. Mtu angeweza kusema neno baya hapo, na lingekuwa haki yake.

"Tufanye nini?" anauliza Sista.

"Tuupoze. Kivuli kwanza, halafu maji. Yote mtakayopata."

Mlinzi ndiye wa kwanza kukimbia. Anarudi na turubai lililokuwa limefunika magodoro, na yeye na baba mmoja aliyemleta mtoto kupimwa wanalinyanyua juu ya vichwa vyao mpaka kivuli kinaufunika mlango. Wauguzi wanaleta mashuka na mablanketi. Bomba la uani linatoa uzi mwembamba wa maji, ndoo moja ingechukua muda ambao Babu hana.

Kina mama wanatazamana. Mmoja anafungua mkoba, anatoa chupa ya maji aliyomletea mwanawe, anaimimina yote kwenye blanketi. Anayemfuata anafanya hivyo hivyo. Chupa zinapita kutoka mkono hadi mkono, hakuna anayeuliza itarudi kwa nani.

Kisha mwuza maji anaingia getini akiburuta mkokoteni wake, madumu yamejaa. Mtu alimwita barabarani.

"Wapi?" anauliza tu.

"Pale mlangoni. Tutakulipa baadaye," anasema Sista.

"Nani amezungumza malipo? Nishikieni gurudumu."

Blanketi la kwanza linapogusa chuma, mvuke mwembamba unapanda. La pili linatoa mvuke mdogo zaidi. Mama Bawaba anaelekeza kwa mikono: juu kwanza, kisha katikati, sasa chini, msiache mahali pakavu. Maji yanateremka hadi miguuni mwao. Turubai linaanza kutetemeka kwa uchovu wa wanaolishika, lakini halishuki.

"Shemeji," Rula anaita kutoka nyuma, na sauti yake imebadilika. "Anaongea polepole sasa. Anauliza ni nani aliyetengeneza mlango huu."

Mikono ya watu inasimama.

"Mwambie ni mimi," anasema Mama Bawaba. "Mwambie niko hapa nje, sibanduki."

Wanasubiri.

"Anasema ni mlango mzuri. Anasema hajawahi kuona hata sisimizi humo."

Mama Bawaba anajifuta uso kwa mkono wa shati. Huwezi kujua kama ni jasho.

Sasa linabaki jambo ambalo hakuna aliye nje anayeweza kulifanya. Makomeo yako ndani. Ni lazima Babu aache tundu la hewa, ateremke kwenye makasha, aingie kwenye ile harufu inayolala chini, na avute makomeo matatu kwa mikono yake mwenyewe. Akiteremka mapema, mlango ukiwa bado umevimba, atapoteza nguvu bure na huenda asipande tena. Akichelewa, joto na spiriti vitamlaza huko huko juu.

Anayepaswa kuchagua ni Mama Bawaba.

Anaondoa blanketi moja na kuweka shavu kwenye chuma, kama mama anayepima homa ya mtoto. Anafunga macho. Anapitisha ukucha pembeni. Anahisi kitu, au anataka kuhisi. Mwagieni tena, anasema. Wanamwagia. Anaweka shavu tena.

"Shemeji, mwambie ashuke."

Rula anarudisha jibu: "Anauliza kama una uhakika."

Watu wanamwangalia. Mlinzi anainua turubai juu zaidi.

"Mwambie sina," anasema Mama Bawaba. "Mwambie ukweli ndiyo huo. Avute pumzi ndefu hapo juu, ashuke, aanze na komeo la ubavuni. Likigoma asishindane nalo, arudi juu haraka. Likikubali, avute la juu, kisha la chini. Na sisi tutakuwa tunausukuma mlango katikati ili usiyabane."

Maneno yanazunguka kona. Wanasikia Rula akiyarudia yote, bila kuruka neno. Halafu Rula anasema, "Ameondoka tunduni. Simwoni."

"Sukumeni," anasema Mama Bawaba.

Watano wanaweka mabega: yeye, Sista, mwuza maji, wauguzi wawili. Chuma kinawapoza kupitia nguo. Hakuna anayepumua kwa sauti. Kutoka ndani, hafifu, kama panya ndani ya kabati, wanasikia mkwaruzo.

Klak.

"La ubavuni," ananong'ona.

Tena mkwaruzo, mrefu, unasimama, unaanza upya. Klak.

"La juu. Bado moja. Sukumeni hapo hapo."

Hakuna kinachofuata.

Wanasubiri. Maji yanadondoka kutoka kwenye mablanketi, tone kwa tone. Mtoto analia na mama yake anamnyamazisha kwa kumbana kifuani. Rula anaita kupitia tunduni, "Babu? Babu, nijibu," na hakuna jibu linalorudi.

Komeo la chini liko sakafuni. Kulifikia ni lazima mtu apige magoti, na Babu ana yale magoti, na sakafu ina ile spiriti.

Mama Bawaba anapiga magoti yeye, kwenye tope, kwa upande wa nje. Anatoa kwenye mfuko nyundo ya mbao, ile isiyotoa cheche, na anagonga chini ya mlango, pale hasa lilipo komeo. Anagonga bila haraka. Mdomo wake uko karibu na chuma.

"Babu, niko hapa. Hapa hapa ninapogonga. Fuata mkono wangu."

Anagonga.

"Ukilishika usilivute kwa nguvu. Lizungushe kwanza. Lizungushe, kisha livute."

Hajui kama sauti inapita. Mlango huu ndio usiopitisha wembe. Anaendelea kuzungumza hata hivyo, na anaendelea kugonga, na Sista, akiwa bado ameegemea mlango kwa bega, ameanza kutembeza midomo bila kutoa sauti.

Kisha mlango unatikiswa kidogo kutoka upande wa pili, palepale inapogonga nyundo. Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo.

Klak.

Waliokuwa wakisukuma wanaruka nyuma, mlango unafunguka kwa uzito wa mzee aliyeuegemea, na Babu wa Stoo anaangukia mikononi mwa Mama Bawaba, miwani ikiwa imening'inia kwenye sikio moja. Harufu inatoka nyuma yake kama kitu chenye mwili. Mlinzi anaachia turubai, anamwinua mzee mzima mzima na kukimbia naye chini ya kivuli cha veranda.

Wanamfungua vifungo, wanampepea, Sista anamshika mkono kutafuta mapigo. Mwanzoni anahema kwa shida. Baadaye anafumbua macho, anaangalia watu waliomzunguka, anawaona kina mama na chupa zao tupu.

"Foleni ya leo imekuwa ndefu," anasema.

Hapo Mama Bawaba anaketi chini, kwenye tope, na analia. Hakuna anayemwambia anyamaze. Mwuza maji anamwekea dumu moja lililobaki karibu na mguu, ili anawe uso, kisha anaburuta mkokoteni wake na kuondoka kabla Sista hajamfikia.

Kiganja cha Mama Bawaba kimeungua. Sista anamfunga bendeji mwenyewe, taratibu, wakiwa wamekaa benchi moja.

"Niliyesema wembe usipite ni mimi," anasema Sista.

"Wewe si fundi, Sista. Mimi ndiye niliyepaswa kukukatalia."

"Basi siku nyingine unikatalie."

"Nitakukatalia."

Alasiri yote stoo inaachwa wazi mpaka harufu inaisha, sakafu inaoshwa, na mlango unang'olewa kwenye bawaba na kubebwa hadi nje ya geti. Hapo sasa cheche zinaruhusiwa. Rula anashika, na Mama Bawaba, mkono mmoja ukiwa na bendeji, ananyoa pembe za mlango kwa grenda, kisha anamalizia kwa tupa. Anaacha unene wa sarafu kuzunguka pande zote.

Lakini nafasi hiyo ndiyo ambayo wezi huipenda. Kwa hiyo Rula anafuata mashine ya kuchomelea karakanani, na Mama Bawaba anachomelea ukanda wa chuma kwenye ukingo wa mlango kwa nje, unaolala juu ya fremu na kuifunika nafasi yote. Mlango unaweza kunenepa na kukonda chini ya ukanda huo bila kubana, na mtaimbo hauna pa kuingia. Makomeo yote matatu anayaunganisha kwa mpini mmoja mrefu unaofika usawa wa kifua, ili mtu wa ndani afungue kwa kusukuma mara moja, bila kupiga magoti. Mlinzi anaomba apake rangi. Anachagua nyeupe, kwa sababu ameambiwa haishiki sana joto la jua.

Kesho na siku zitakazofuata, Mama Bawaba ana safari. Katika wiki zile za mvua alifunga milango mingine miwili, wa ghala la shule na wa chumba cha vitabu. Anaamini aliacha nafasi, lakini anasema kuamini hakutoshi tena. Ataizungukia yote miwili, kila mmoja saa ambayo jua linaupiga, na atajifungia ndani yeye mwenyewe.

"Tangu leo hakuna mlango wangu utakaofungwa kwa makomeo ya ndani bila mpini wa kusukuma," anasema. "Mteja akisema hataki, atafute fundi mwingine. Mlango wa kumzuia mwizi sharti umjue mwenyeji."

Jua linashuka anapokwenda kuaga. Babu wa Stoo bado yuko veranda, amefunikwa shuka ingawa hakuna baridi. Sista amemwambia apumzike nyumbani wiki nzima.

"Pole, Babu," anasema Mama Bawaba. Amesema hivyo mara nyingi leo.

"Nimekwisha poa. Keti."

Anaketi. Mbele yao mlango mweupe uko wazi, na wauguzi wanarudisha makasha ndani. Babu anawatazama wanavyoingia na kutoka. Yeye hajasogea karibu na stoo tangu alipotolewa, na vidole vyake vinacheza na upindo wa shuka.

"Nimemwambia Sista sitapumzika," anasema baadaye. "Nikilala nyumbani wiki nzima na woga huu, dada yangu, sitaingia humo tena. Najijua."

"Mlango umepona sasa, Babu. Umeona nikiufungua."

"Nimeona ukifunguka. Sijauona ukifungwa."

Mzee anavua miwani, anaifuta plasta yake kwa shuka, anaivaa tena.

"Kesho ukitoka kwenye hiyo milango yako mingine, pita hapa," anasema. "Pita mchana, jua likiwa limeupiga mlango. Tuingie wote wawili tufunge, mimi nihesabu dawa zangu na wewe ukae tu, unipigie hadithi. Nitakuwekea kiti. Utakuja?"